Mlango wa replika ya GT40 unaoinuka kwa mwendo: kitasa kwanza, mpira mwisho

Mukubwa, umeuliza kwa nini pembe ya juu ya mlango wa replika yako ya GT40, ile gari ya mbio ya Ford ya miaka ya 1960, inainuka ukifika kilomita 130 kwa saa kwenye barabara ya Lubumbashi kwenda Likasi, inapiga filimbi, na vumbi jekundu linaingia ingawa umebadilisha mpira mara mbili. Mpira hauna kosa. Mlango wako unacheza, na hakuna mpira unaoziba kitu kinachocheza.

Hewa inayopita juu ya kioo na paa inakimbia, kwa hiyo kanieneo lake linashuka, na hewa iliyo ndani inausukuma mlango nje. Nguvu hiyo inapanda kwa mraba wa mwendo: ukitoka 80 kwenda 160, inakuwa mara nne. Kioo pamoja na kipande cha paa kwenye mlango wa GT40 tuseme ni mita 0.35 za mraba. Kwa 160, hata kwenye hewa nyepesi ya Lubumbashi, hapo unapata kilo 20 hadi 35 zinazovuta nje na juu. Kwa 80 ni kilo 5 hadi 9 tu, ndiyo maana mjini huoni kitu.

Sasa angalia umbo lenyewe. Mlango wa GT40 umekatwa hadi ndani ya paa, lakini kitasa kimoja kiko chini, usawa wa kiuno. Pembe ya juu nyuma haishikwi na chochote, inategemea ugumu wa faiba (fiberglass ya bodi) peke yake. Hata magari ya kiwanda yalisumbuliwa na milango: mwaka 1966 kwenye mbio za saa 24 za Le Mans, Ufaransa, dereva wa Ford Ken Miles alilazimika kusimama mwisho wa mzunguko wa kwanza kwa ajili ya mlango usiofunga vizuri.

Pima kabla ya kununua kitu. Funga mlango, funga kamba kwenye pembe ya juu nyuma, vuta nje kwa mizani ya kuning'iniza hadi isome kilo 20. Ikitoka zaidi ya mm 3, tatizo ni la chuma na faiba. Kisha fungua mlango, inua ncha yake ya nyuma kwa mkono: ikicheza zaidi ya mm 1, bushi za bawaba zimekwisha, zibadilishe kwanza, maana marekebisho yote mengine yatapotea.

Kitasa lazima kiwe cha hatua mbili, kile kinacholia mara mbili kikifunga. Kanuni ya Umoja wa Mataifa namba 11 inataka kitasa cha gari kihimili takriban kilo 450 kikiwa hatua ya kwanza na zaidi ya kilo 1,100 kikiwa hatua ya pili, kikivutwa kwa urefu wa gari. Ndoano ya kabati haiwezi hata robo. Chukua kitasa kizima cha gari dogo la kawaida, pamoja na pini yake, ile ya kwenye fremu ambayo kitasa kinaishika. Usichanganye pini ya gari moja na kitasa cha lingine, kwa sababu tofauti ya mm 1 ya unene inatosha kukiacha kwenye hatua ya kwanza.

Hapa ndipo mafundi wengi wanakosea: bulo (bolti) ya M8, yaani ya mm 8, inakazwa moja kwa moja juu ya faiba. Faiba inabonyea polepole, bulo inalegea, tundu linakuwa la yai. Weka bamba la chuma la mm 4, sentimita 8 kwa 10, nyuma ya faiba, ligandishwe kwa epoksi baada ya kukwaruza pande zote mbili. Ndani ya kila tundu ingiza kibomba cha chuma chenye urefu sawa na unene wa faiba, ili bulo ikaze chuma kwa chuma. Kaza nyutoni-mita 25, na gundi ya nyuzi ya bluu.

Kwa pembe ya juu unahitaji vitu viwili, kwa sababu kimoja hakitoshi. Pini ya nailoni ya mm 12, ncha imechongwa, inayoelekea ndani na kuingia mm 15 kwenye kikombe cha fremu: hii inazuia kuinuka. Lakini haizuii kutoka nje; kwa hilo weka kitasa kidogo cha pili, kivutwe na kebo ya breki ya pikipiki kutoka mpini uleule. Mpini wa nje lazima ufungue vyote viwili. Tafadhali usiweke komeo la ndani tu: gari likipinduka, watu wa nje hawatakufikia.

Mlango ukishatulia, ndipo mpira. Tumia EPDM, mpira wa kutengenezwa unaotumika kwenye milango ya magari, yenye kibomba cha mm 12 hadi 15. Ubonyee kiasi cha theluthi moja. Ukinunua mnene zaidi, unasukuma mlango nje na kukitesa kitasa, na nadhani ndicho kilichotokea kwako mara ya pili. Mpira wa buti la sedani ya zamani ni mzuri sana. Usiuvute ukiugandisha, utajirudisha na kuacha pembe wazi. Kiungo kiwe chini ya mlango. Kibomba kiwe na vitundu vya hewa. Kama havipo, toboa vya mm 3 kila sentimita 15. Na usiusafishe kwa mafuta ya gari wala petroli, EPDM inavimba. Maji na silikoni ya kupulizia vinatosha.

Hakikisha kwa karatasi: ibane kila sentimita 10, ivute, inapaswa kukataa kote. Filimbi ikibaki, ziba mwanya kwa skochi (utepe wa gundi) kipande baada ya kipande. Inaponyamaza, hapo ndipo. Matundu ya maji chini ya mlango yaache wazi.

Jambo la mwisho, feni ya kuingiza hewa ndani ya gari. Kama inaingiza hewa na hakuna pa kutokea, chumba kinajaa na kuusukuma mlango. Fungua tundu la kutolea hewa nyuma ya viti, lenye chujio la sponji. Jaribu kwa 80, pima tena kwa mizani, kisha 100. Ile barabara ina malori ya migodi na baiskeli za makaa, na kilo 20 za mizani zinakupa jibu lilelile ukiwa umesimama garajini.