Jeli ya sindano ya kuotesha neva: mdogo wako asisubiri

Mkuu, umeuliza kama mdogo wako, aliyekatika neva ya mkono miezi minne iliyopita, aahirishe upasuaji asubiri jeli ya kuchoma kwa sindano. Asisubiri.

Mimi kioo kilinikata kwenye kifundo cha mkono, kikapita na neva ya alna, ile inayoshuka hadi kidole cha mwisho. Nilipoenda kutibiwa walishona ngozi tu, wakaniambia ganzi itaisha yenyewe. Bingwa alikuja kuiunganisha baada ya miezi mitatu. Neva huota kama milimita 1 kwa siku, kwa hiyo kila Jumapili nilijigongagonga kwa kidole kuanzia kwenye kovu kushuka kiganjani. Pale nilipopigwa shoti hadi kidole cha mwisho, nilitia alama ya kalamu. (Ishara hiyo Jules Tinel aliieleza mwaka 1915.) Alama zilitembea, ganzi ikapungua. Ila nyama iliyo kati ya gumba na kidole cha shahada imebonyea mpaka leo. Msuli ukikaa mwaka mmoja au mmoja na nusu bila neva, hata neva ikifika huwa umeshanyauka. Ile miezi mitatu bado inaniuma.

Jeli zenyewe nazifuatilia kwa moyo wote. Sindanoni ni maji, ikiingia mwilini inaganda na kujaza pengo lote. Lakini kujaza hakutoshi, kwa sababu nyuzi za neva zisipoonyeshwa njia huzunguka hapohapo na kufanya kinundu chenye maumivu makali. Ndiyo maana nawapenda watafiti wa Aachen, Ujerumani, kina Laura De Laporte: wanachanganya kwenye jeli vijiti vidogo mno vyenye chembe za chuma, wanavilaza upande mmoja kwa sumaku, halafu jeli inaganda navyo vikiwa vimelala hivyo. Kwenye maabara nyuzi zilifuata mkondo huo.

Ile habari uliyotumiwa ya "waliopooza kutembea" naijua. Ni kazi ya Samuel Stupp wa Chuo Kikuu cha Northwestern, Marekani, 2021. Walichomwa sindano moja, wakatembea ndani ya wiki nne. Ila walikuwa panya, na jeraha lilikuwa la uti wa mgongo, ambako kikwazo kikubwa ni kovu. Mkono wa mdogo wako ni habari nyingine.

Ameshapimwa EMG (kipimo cha umeme wa misuli na neva)? Weka hapa majibu yalivyosema, na kidonda kiko umbali gani kutoka kwenye vidole.