Nta darini itapunguza yuniti za LUKU?

SWALI: Nina steshenari Moshi mjini. Kiyoyozi cha BTU 12,000 kinawaka tangu asubuhi hadi nafunga. Fundi anashauri nitundike mifuko ya nta darini, eti umeme utapungua. Je, ni kweli?

JIBU: Ni kweli, ila baridi haitoki kwenye nta. Nta ikiyeyuka hunyonya joto jingi huku yenyewe ikibaki nyuzi zilezile. Ikishayeyuka yote, kazi imekwisha mpaka igande tena. Hewa ya usiku, ikivutwa na feni, ndiyo inayopaswa kuigandisha. Ukiigandisha kwa kiyoyozi hujaokoa kitu, maana yuniti ya LUKU haishuki bei usiku.

Piga hesabu kwanza. Kilo moja ya nta nzuri hunyonya takriban kilojuli 200. Kiyoyozi chako kikifanya kazi kwa nguvu zote huondoa kilojuli 12,600 hivi kwa saa. Kwa hiyo kilo 63 za nta zinakupunguzia saa moja tu ya kiyoyozi, yaani yuniti moja na ushee kwa siku, na feni ya usiku ya wati 40 inakula karibu theluthi yake. Kama bati lako halina kizuia joto chini yake, anza na hilo. Nta ije baadaye.

Ukiamua kuweka, chukua inayoyeyuka kwenye nyuzi 25, kisha seti kiyoyozi nyuzi 26. Ukikiacha kwenye 22, nta haiyeyuki kabisa na umetundika mzigo bure. Unene wa mfuko usizidi sentimita 1: nta hupitisha joto polepole mno, ukiwa mnene pembeni kunayeyuka, katikati bado kugumu. Usijaze pomoni, nta hutanuka kama sehemu moja ya kumi. Ifungie kwenye kenchi, si kwenye jipsamu, mbali na taa na nyaya, kwa sababu inawaka moto.

Usiku feni ivute hewa ya nje ipite kwenye mifuko. Tundu la kuingizia hewa hiyo liwekewe nondo na wavu wa mbu. Asubuhi ubonyeze mfuko katikati. Ukibonyea, haukuganda, na mchana huo usiutegemee. Tarajia hali hiyo zaidi Januari na Februari.

SWALI: Niko Arusha. Naweza kuyeyusha mishumaa nikatumia hiyo?

JIBU: Hapana. Nta ya mishumaa huyeyuka kwenye nyuzi 50 na zaidi, na chumba hakifiki huko. Mafuta ya nazi, yale yanayoganda kwenye chupa asubuhi za Julai, huyeyuka karibu na nyuzi 24, lakini kwa kilo hunyonya takriban nusu ya nta nzuri, na yakikaa huchacha.