Maswali ya Wasomaji: Mbuyu umewauza

SWALI: Wazee wa safu, shikamooni. Tuko wanne, tuna leseni ya kuwinda kanga upande wa Chemba. Msimu uliopita tulikuwa karibu peke yetu. Mwenzetu akarusha Facebook picha ya kanga sita juu ya boneti, na mwaka huu kila Jumamosi tunakuta magari matatu na bodaboda kwenye lambo letu. Lokesheni ya simu alikuwa ameizima. Wamejuaje? Na tugawaneje eneo bila kugombana? (Msomaji, Kondoa)

JIBU: Marahaba, vijana. Kuzima lokesheni ni vizuri, ila si hapo palipovuja. Ukipandisha picha Facebook au Instagram, alama za mahali zilizofichwa ndani yake haziwafikii watazamaji. WhatsApp nayo huziondoa, isipokuwa umeituma picha kama dokumenti. Hapo huenda nazo zote.

Aliyewauza ni mbuyu. Mibuyu ya huku haifanani: mmoja una matawi mawili, mwingine una pango shinani, mwingine gome lake limechunwa hadi usawa wa bega. Anayechunga au kurina asali eneo hilo akiuona nyuma ya boneti anajua mko korongo gani, na anaandika jina la kijiji kwenye maoni. Miamba na mstari wa vilima hufanya kazi hiyohiyo. Kama lazima mpige picha, inamisheni kamera ionekane nyasi na ndege tu, irusheni msimu ukishafungwa, na msijibu anayeuliza "wapi hapo?"

Lambo nalo si lenu. Leseni inataja mnyama, idadi na eneo. Haimpi mtu maji. Tena tokeni hapo lamboni kabisa. Kiangazi kanga hutegemea maji machache yaliyobaki, na jioni kundi hurudi kulala kwenye miti ileile. Wakipigwa majini asubuhi na kufukuzwa mitini jioni, huhama, na mtabaki mnatazamana na wenye bodaboda. Wafuateni wanakokula mchana, kwenye mashamba yaliyovunwa mtama na pembezoni mwa vichaka. Miti ya kulala iacheni. Giza likiingia fungeni bunduki: kuwinda usiku au kwa tochi ni kosa chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya 2009.

Kugawana kunafanyika kabla ya kutoka nyumbani. Mpigieni ofisa wanyamapori wa wilaya au askari wa wanyamapori wa kijiji siku moja kabla, mwulizeni nani kaingia na upande gani. Mkikuta gari limeshaegeshwa, aliyetangulia ana haki ya upande ule. Msalimieni, mwulizeni anaelekea wapi, nanyi chukueni upande mwingine.

Umbali tunausisitiza kwa sababu ni roho za watu. Marisau (punje ndogo za risasi) namba 6 huua kanga vizuri hadi mita 35 hivi, lakini punje zake husafiri zaidi ya mita 200 na zinaweza kutoboa jicho. Kundi na kundi waachane mita 300 au zaidi. Ninyi wanne tembeeni mstari mmoja, mita 15 kati ya mtu na mtu, kila mmoja apige mbele yake tu. Ajali nyingi huanzia kwa anayezungusha mtutu kumfuata ndege anayekatiza mstari. Kanga anayeruka chini mwacheni aende. Usipoona anga nyuma yake, usifyatue. Kofia ziwe za rangi ya chungwa, maana khaki kwenye nyasi kavu haionekani.

SWALI: Nasikia Marekani nako wanalalamikia msongamano, na wawindaji wamepungua. Inakuwaje? (Msomaji, Manyoni)

JIBU: Ni kweli wamepungua: karibu milioni 17 mwaka 1982, karibu milioni 11.5 mwaka 2016. Lakini ardhi nyingi binafsi imefungwa au hukodishwa, kwa hiyo wasio na shamba hubanana kwenye ardhi ya umma. Ramani za simu na video huwapeleka wote bonde lilelile wiki ileile. Arizona ilipiga marufuku kamera za kutegwa porini kwa ajili ya uwindaji kuanzia Januari 2022, kwani watu walikuwa wakipishana usiku na mchana kwenye visima vya wanyama kuzikagua.