Kwa nini msafara wa ngamia umechorwa mbali vile?

Mkuu mleta mada, umeuliza kama misafara ya ngamia kwenye picha za wachoraji wa Ulaya wa karne ya 19 ni pambo tu. Si pambo. Nimekwenda mara tatu makumbusho ya Orsay, Paris, kwa ajili ya picha mbili.

Ya kwanza ni ya Léon Belly, mahujaji wakienda Makka, ya 1861. Msafara unakujia usoni, jua kali, hadi unataka kupisha njia. Pembeni kuna mwanamke na mtoto juu ya punda, mwanamume akitembea kando yao. Mkristo wa Paris hapo alimkumbuka Mariamu akikimbilia Misri. Msafara huo ni imani inayotembea.

Ya pili ndiyo iliyonishika: Sahara ya Mfaransa Gustave Guillaumet, 1867, picha ya jangwa la Algeria. Mbele ni mzoga wa ngamia uliokauka, mifupa nje. Msafara wenyewe sikuuona mara ya kwanza. Uko kule upeoni, hafifu kama mazigazi. Wengi husema maana yake ni kifo kilicho karibu na tumaini lililo mbali. Sawa, lakini mimi nimekulia Garissa na mjomba wangu alifuga ngamia. Kwetu ngamia ana chapa. Mzoga ukikutwa njiani unasomwa: ni wa nani, alitoka kisima gani, kiu au ugonjwa? Haipiti siku nyingi mwenyewe ameshapata habari. Ngamia wa Guillaumet hana mwenyewe, na jangwa lake pia halina.

Hapo ndipo panaponiuma. Ufaransa iliivamia Algeria mwaka 1830, na picha hii ilichorwa katikati ya ukame na njaa ya 1866 hadi 1868 iliyoua watu kwa malaki. Nchi inayoonekana tupu ni rahisi kuichukua. Hata hivyo simwiti Guillaumet mwongo: alisafiri Algeria mara kama kumi, na njaa hiyohiyo aliichora pia, humo watu wakiwa mbele kabisa.

Kwa hiyo ukikutana na picha ya namna hii, tazama kwanza msafara umewekwa umbali gani nawe. Mara ya tatu niliipita mifupa, nikawatafuta wale watu wa upeoni. Nilisimama nikijiuliza wanatoka kisima gani. Mjomba angeanza na swali hilo.