Siki kali au siki iliyokolea?

SWALI: Ninafundisha masomo ya ziada ya kemia, kidato cha tatu, na maelezo ninayatoa kwa Kiswahili. Mwanafunzi amepima siki za chupa mbili kwa bureti (bomba la kioo lenye alama za ujazo), akizidondoshea kostiki (hidroksidi ya sodiamu, inayomaliza asidi), kisha akaandika: "Siki ya chupa A ni kali kuliko ya chupa B, kwa sababu imemaliza kostiki nyingi zaidi." Hesabu zake ni sahihi, lakini sentensi hiyo inanikwaza. Kosa liko wapi?

JIBU: Kosa liko kwenye neno "kali", na umefanya vizuri kukwazwa nalo. Nyumbani tunasema siki kali bila tatizo lolote, maana ulimi ndio unaohukumu. Kwenye kemia, asidi kali ni ile ambayo molekuli zake karibu zote hugawanyika kuwa ayoni (chembe zenye chaji ya umeme) zikiingia majini. Asidi ya siki haimo katika kundi hilo. Ni asidi hafifu, iwe ya chupa A au ya chupa B.

Bureti haipimi ukali. Chukua sentimita za ujazo 25 za asidi haidrokloriki yenye moli 0.1 kwa lita (moli ni kipimo cha idadi ya chembe), na kiasi hichohicho cha asidi ya siki yenye moli 0.1 kwa lita. Ya kwanza ni kali. Katika ya pili, kati ya molekuli 100 ni moja hivi tu iliyogawanyika. Hata hivyo kila moja itahitaji sentimita 25 za kostiki ya moli 0.1, kwa kuwa kila kostiki inapozichukua ayoni za hidrojeni, molekuli nyingine za asidi hugawanyika kufidia, mpaka zote zimalizike.

Kinachopimwa ni jinsi siki ilivyokolea, na hapa Kiswahili kina neno zuri mno. Tunasema chai imekolea sukari, mchuzi umekolea chumvi. Sentensi hizo zinataja kimiminika pamoja na kilichoyeyuka ndani yake, ndivyo hasa mkemia anavyotaka. Kinyume chake ni kuzimua, yaani kuongeza maji. Wanafunzi wako waelekeze kwenye pilipili: mchuzi unaweza kukolea pilipili hoho usiwashe hata kidogo, ilhali pilipili kichaa chache tu zinatosha kuuwasha mdomo. Hoho haigeuki kichaa kwa kuongezwa wingi.

Nomino yake? Vitabu vingi vina "ukolezi". Mimi ningependelea "ukolevu", kwa sababu hali hutokana na kolea, kama utulivu unavyotokana na tulia, ilhali ukolezi unatokana na koleza, kitendo cha mtu, kama uongozi na ongoza. Lakini ukolezi umeshazoeleka, wala sitamkosoa anayelitumia. Asichanganye yote mawili katika ukurasa mmoja, basi.

Tuseme chupa A ilikwenda hivi. Sentimita 25 za siki zilizimuliwa hadi 250. Kati ya hizo zikachukuliwa 25 kwa pipeti, na rangi ya waridi ya kiashiria (dawa inayobadili rangi asidi ikiisha) ikabaki baada ya kostiki ya moli 0.1 kufika sentimita 20. Kostiki iliyotumika ni lita 0.020 mara 0.1, yaani moli 0.002. Moli moja ya asidi hii humalizana na moli moja ya kostiki, kwa hiyo asidi nayo ni moli 0.002 ndani ya lita 0.025: moli 0.08 kwa lita. Siki ilikuwa imezimuliwa mara 10, hivyo ndani ya chupa ukolezi ni moli 0.8 kwa lita. Zidisha kwa 60, uzito wa moli moja, upate gramu 48 kwa lita.

Mpe mwanafunzi alama zote za hesabu, kisha umsahihishie sentensi hivi: "Siki ya chupa A imekolea asidi kuliko ya chupa B, kwa sababu ujazo uleule umemaliza kostiki nyingi zaidi." Maneno "ujazo uleule" asiyaache, kwani bila hayo ulinganisho wake hausimami.