Kundi la Mdogo Wangu Lisije Likasambaratika Tena

SWALI

Mhariri, mdogo wangu wa kiume ana umri wa miaka 27 na ana ulemavu wa akili. Kabla ya korona alikuwa katika kundi la vijana wenzake wanaojitetea wenyewe, yaani wanaosema mambo yao bila kusemewa, ambao walikuwa wakikutana kila Jumamosi. Mji wa Kale wa hapa Mombasa ulipofungwa Mei 2020, mikutano ilihamia mtandaoni, naye hakuweza kuifuata. Mwishowe nikawa nahudhuria mimi kwa niaba yake. Kundi lilikaa zaidi ya mwaka bila kukutana, na wawili hawakurudi kabisa. Sasa kila ninaposikia habari za kipindupindu au mpox naingiwa na hofu. Tufanyeje ili wasipoteane tena?

Dada mtu, Mombasa

JIBU

Dada yangu, nimelisoma swali lako mara kadhaa, na neno lililonikaa zaidi ni hilo la kuhudhuria kwa niaba yake. Ulifanya hivyo kwa mapenzi, wala sikulaumu. Hata hivyo, kundi la namna hii lina maana pale tu mwenye jambo anapolisema mwenyewe. Harakati ya watu wenye ulemavu wa akili, iliyopata jina la People First (Watu Kwanza) huko Oregon, Marekani, mwaka 1974, ilitokana na watu kuchoka kusemewa. Janga likiingia, mazoea ya kuwasemea hurudi upesi, kwa kuwa simu ni ya mama, bando ni la kaka, na anayejua nenosiri ni dada.

Kwa hiyo jambo la kwanza ni simu yake mwenyewe. Si lazima iwe ya bei kubwa; simu ya vitufe inatosha, kwani nyingi huweza kupiga namba iliyohifadhiwa kwa kushikilia kitufe kimoja tu. Bandikeni ukutani picha za marafiki zake wawili au watatu, na kando ya kila picha andikeni namba ya kitufe chake. Mfundishe sasa, wakati bado anaweza kukutana na rafiki yuleyule Jumamosi na kumwuliza kama jana aliisikia simu yake.

Wengi hukimbilia mikutano ya video, nami naona ndiyo iliyowapoteza vijana hawa: nyuso nyingi kwa pamoja, sauti zinazopandana, na mtandao unaokatika mtu anapofika kwenye neno lake. Kwa mwenye simu janja, ujumbe wa sauti wa WhatsApp humfaa zaidi, kwa sababu huweza kuusikiliza mara tatu kwa mwendo wake, na asiyesoma hafungiwi nje. Kwa wengine, kila mmoja awe na mwenzake wa kumpigia, waliyechaguana wenyewe, siku ileile na saa ileile. Mkutano wa simu usizidi watu wanne, na hoja zake zimfikie kila mmoja siku mbili kabla, ili apate wa kuzipitia naye. Wewe ukae kando, urahisishe swali lililo gumu, na ukiulizwa maoni yake umpe simu ajibu. Sekunde kumi za kimya kwenye simu ni ndefu, na najua ulimi unavyowasha kuzijaza. Ziache, huenda anatafuta neno.

Fedha nazo zisisahauliwe. Machi 2020 ada ya kutuma chini ya shilingi 1,000 kwa M-Pesa iliondolewa kwa muda, na ikawa nafuu kutumiana salio dogo, lakini nafuu ya aina hiyo haina ahadi ya kurudi. Anzeni mfuko mdogo wa fedha za simu leo.

Jambo jingine ni habari zenyewe. Kafyu ilipoanza tarehe 27 Machi 2020, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, mtu ambaye hakuelezwa sababu yake kwa maneno mepesi alikuwa hatarini kila jua lilipotua. Kundi linaweza kurekodi maelezo mafupi kwa sauti za wanachama wenyewe, na kuiandikia idara ya afya ya kaunti mapema, likiomba matangazo yaliyorahisishwa. Hilo si kuomba fadhila: kifungu cha 54 cha Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kutumia njia ya mawasiliano inayomfaa, na kifungu cha 11 cha Mkataba wa Umoja wa Mataifa kuhusu Haki za Watu wenye Ulemavu, ambao Kenya iliuridhia mwaka 2008, kinaitaka serikali imlinde wakati wa hatari.

Kuhusu wale wawili ambao hawakurudi, usiwatafute wewe. Jumamosi hii mwombe mdogo wako awapigie, na kama namba zao zimebadilika, mfuatane hadi kwao, yeye akibisha hodi.