Umesoma sayansi, unataka uzamivu wa masoko: majibu kwa wasomaji wanne

Barua nilizopokea safari hii zinafanana. Waandishi wamesoma sayansi, sasa wanataka kuomba shahada ya uzamivu (PhD) katika masoko, yaani marketing, hasa Marekani, na karibu wote wanaanza kwa kuomba radhi kwa walichosoma. Nazijibu nne.

Shikamoo mwalimu. Nina shahada ya fizikia na hisabati, nafundisha sekondari Dodoma. Sijasoma hata somo moja la biashara. Kweli watanipokea?

Marahaba, mwanangu. Kuna tawi zima la masoko, lile la hesabu, lililojengwa na watu wa aina yako. John Little, mmoja wa waasisi wake, alianza na shahada ya fizikia pale chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1948. Mwaka 1983 yeye na Peter Guadagni walichukua rekodi za mashine za malipo madukani, kaya 100 zikinunua kahawa ya unga kwa wiki 32, wakakokotoa uwezekano wa kaya kuchagua chapa hii au ile bei inapopunguzwa. Kabla yao, mwaka 1969, Frank Bass aliwagawa wanunuzi wa bidhaa mpya makundi mawili: wanaojaribu wenyewe na wanaofuata wenzao. Hesabu yake inakaribiana sana na ile ya kuenea kwa ugonjwa wa kuambukiza. Ukiiona ubaoni utaitambua, ni kalkulasi unayoifundisha kidato cha sita.

Vyuo vingi vya huko havikulazimishi kupitia shahada ya uzamili ya biashara kwanza. Ila usikae mikono mitupu. Soma uchumi wa ngazi ya mtu na kampuni, ongeza takwimu, na ujifunze kuchambua data kwa R au Python, lugha za kuandikia programu za kompyuta.

Mwalimu, salamu kutoka Kisumu. Nilisomea kemia, niko maabara ya maji. Hesabu nzito sizipendi. Nafasi yangu ipo? Nimeambatanisha maelezo yangu ya nia uyasome.

Ipo, dada. Upande wa pili wa masoko unachunguza tabia za wateja, na unaegemea saikolojia na majaribio. Kugawa sampuli bila upendeleo, kuwa na kundi la kulinganisha, kurudia jaribio kabla ya kuliamini: hayo umeyafanya miaka yote, wakati wengi wanaotoka biashara hujifunzia hukohuko. Takwimu lakini hutazikwepa, nakwambia mapema.

Sasa maelezo yako. Umeanza hivi: “Tangu utotoni nimekuwa na shauku kubwa ya masoko.” Futa. Kamati ya udahili inasoma sentensi hiyo kutwa nzima. Lakini kule aya ya nne umemficha jirani yako aliyekuwa akinunua klorini ya kutibu maji kipindi kipindupindu kilipotangazwa, kisha miezi miwili baadaye akaacha. Duka ni lilelile, bei ileile, na maji ya kisima chake umeyapima kwa mkono wako ukakuta bado ni machafu. Kwa nini aliacha? Niliposoma hapo niliweka kikombe cha chai chini. Hilo ni swali la utafiti, na hakuna mwombaji mwingine atakayekuwa nalo. Anza na jirani. Kisha eleza ungelichunguzaje, na utaje maprofesa wawili au watatu wa chuo hicho ambao makala zao zinaligusa. Zisome kweli makala hizo, maana kwenye usaili watakuuliza. Kila chuo kiandikie upya sehemu hiyo.

Shikamoo. Mimi ni wa Bukoba, nimesoma biolojia. Baba anataka kuuza ng'ombe wawili ili nianze kukusanya ada. Tuuze?

Marahaba. Mwambie mzee asiuze. Programu za masoko zinazotambulika Marekani kwa kawaida humsamehe ada mwanafunzi wa uzamivu na kumpa posho kwa miaka minne hadi mitano, naye anasaidia utafiti na ufundishaji. Fedha utakayohitaji mapema ni ya mtihani wa kuombea masomo ya juu, GRE au GMAT, pale unapodaiwa, mtihani wa Kiingereza, na ada ya kutuma maombi. Ada hiyo vyuo vingi husamehe ukiomba, kwa hiyo andika barua pepe kabla hujalipa. Ukikubaliwa bila ufadhili, usikimbilie kusaini. Na kwa kuwa idara mara nyingi huchukua watu wawili hadi wanne tu kwa mwaka, omba vyuo kadhaa.

Profesa wangu wa botania hajui lolote la masoko. Aniandikie barua ya mapendekezo?

Aandike yeye, wala si meneja wa kampuni atakayesifu kwamba unawahi kazini. Kamati inataka kujua ulifanya nini data ilipokataa kukubaliana na ulichotarajia, na aliyekuona ni yeye. Maombi mengi hufungwa kati ya Desemba na mwanzo wa Januari, usaili hufuata, na kwa vyuo vingi jibu lako la ufadhili hutakiwa kufikia tarehe 15 Aprili. Basi mwendee Oktoba. Mpelekee na ripoti yako ya shambani, ileile aliyoisahihisha kwa kalamu nyekundu, maana amefundisha wengi tangu uondoke.